Ifue Mara Tatu

Chang'ombe, Dar es Salaam
14 Januari 2025

Kwako Shangazi yangu mtukufu, Bi Mwanawema,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Nakushika miguu nikiwa mbali, na natumai barua hii itakufikia ukiwa mzima wa afya, pamoja na Baba na wanawake wote wa kikao chako cha kushona. Mimi sijambo. Kifua kilichonisumbua mwezi uliopita kimepoa kwa asali uliyoniletea, na chumba nilichohamia kina madirisha mawili, jambo ambalo katika mji huu ni utajiri. Nimefurahi kusikia kwamba mbuzi wa Baba amezaa mapacha.

Nimezingatia sharti lako kwamba jambo zito halisemwi kwa simu, kwa kuwa kwenye simu mtu hujibu kabla hajafikiri. Ndiyo maana nimeandika, na barua nimemkabidhi Silima, mchukuzi wetu wa mizigo ya Pemba, aitie ndani ya jora la bafta, kile kitambaa cheupe cha kofia anachokuletea.

Kama ujuavyo, tangu Novemba nimo katika mafunzo ya kazi kwenye kampuni inayoingiza mashine za viwandani. Wiki iliyopita tulifungua sanduku la mashine ya leza. Naomba uniruhusu nieleze nilichokiona, kwa sababu miaka minne ya uhandisi haikuniandaa kukiona.

Ni meza pana kama kitanda, yenye kifuniko cha kioo cheusi. Juu ya meza hupita kichwa kidogo cha chuma, kisichozidi birika la kahawa kwa ukubwa. Ndani ya kichwa hicho mna mwanga, na mwanga wenyewe hauonekani. Injinia Usama, mkuu wetu, alitandaza kitambaa cha pamba, akabonyeza kitufe, akarudi nyuma. Hakuna sindano iliyokigusa, wala wembe. Ulipanda moshi mwembamba kama wa ubani, likaonekana tundu, kisha jingine, kisha sikuweza tena kuhesabu. Alipokiinua kitambaa kulikuwa na matundu mia nne, na hapana hata moja lililozidi jingine kwa unene wa unywele. Nilijisikia nikisema Subhanallah kwa sauti. Injinia Usama, ambaye si mtu wa maneno mengi, aliniuliza ninawaza nini. Nikamjibu kwamba nawaza kofia.

Shangazi, kofia moja ya viua ina matundu yapatayo elfu moja na mia mbili. Kila tundu hutobolewa kwa shazia, sindano ile nene usiyowahi kuniruhusu kuishika, kisha huzungushiwa uzi mpaka likawa kiua. Mwanamke mwenye watoto na shamba huchukua miezi miwili kwa kofia moja. Mashine hii itatoboa matundu ya kofia nzima kwa dakika nne, na wanawake wako watabakiwa na kazi ya kuzungushia uzi peke yake. Mnunuzi wetu wa Kariakoo ameniambia wazi kwamba kofia za kiwandani kutoka nje zinaingia kwa makatoni, na kwamba akisubiri tena miezi miwili kwa kila kofia yetu, ataacha kusubiri.

Najua akiba uliyonayo ni ya Hija, na kwamba jina lako limo katika orodha ya mahujaji wa mwakani. Sithubutu kulinganisha chombo cha chuma na Nyumba ya Mwenyezi Mungu. Nasema tu kwamba, kwa makadirio niliyoyafanya kwa uangalifu, mashine itakurudishia akiba hiyo ndani ya miaka miwili, na utakwenda Makka ukiwa umewaachia wanawake ishirini kazi ya uhakika. Bei tuliyopewa itadumu hadi mwisho wa Mei.

Nasubiri rai yako kwa unyenyekevu.

Wako katika utiifu,
Khairat binti Jabir


Madungu, Chake Chake
5 Februari 2025

Kwa mwanangu Khairat, injinia wetu,

Wa alaykumu salaam, na marahaba. Sisi huku wazima, tukitoa magoti ya Bi Mardhiya na meno yangu mimi. Karafuu za vuli zimekwisha kuanikwa. Baba yako amepiga chokaa ukuta wa mbele tu wa nyumba. Nilipomuuliza wa nyuma, akasema wageni hawapiti nyuma. Mbuzi mmoja katika wale mapacha amekufa, aliyebaki ananyonya kwa wawili.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya tatu niliisoma kwa sauti, Jumatano, kikaoni kule Vitongoji, wanawake wakiwa na kofia zao mapajani. Nilipofika pahala pa mwanga usioonekana, sindano zote zilisimama. Kisha Bi Mardhiya, bila ya kuinua macho, akauliza, "Ati mwanga unatoboa? Basi jua hili la Vitongoji lilikuwa likingoja nini miaka yote hii?"

Tulicheka hata Mwanaasha akajichoma kidole.

Baadaye wakaniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake. Mmoja alitaka kujua kama tundu la mwanga lina joto ukilitia kidole. Mwengine alitaka kujua kama umeme ukikatika katikati ya kofia, mwanga unakumbuka ulipofika. Bi Mardhiya naye, ambaye kwa miaka arubaini hajatoboa tundu la kwanza la kofia bila ya kusema bismillahi, aliuliza ni nani anayeisemea mashine bismillahi. Nikamwambia ni wewe. Akaridhika kidogo.

Wapo pia walionyamaza. Mwanawe Mwanaasha anasomeshwa kwa pesa za kofia. Sikuwauliza wanafikiri nini, na wao hawakuniambia.

Nakupelekea vitambaa vya kofia mbili, tabaka mbili mbili kama tunavyoshona, na mchoro wangu kwenye karatasi. Mwambie huyo mwanga wako atoboe, nami nione kwa macho yangu. Habari ya akiba ya Hija sitakujibu leo. Umeniomba jambo kubwa kwa maneno mazuri sana, na mie nikiombwa kwa maneno mazuri huchukua muda zaidi.

Kula vizuri. Madirisha mawili hayashibishi.

Shangazi yako,
Mwanawema


Chang'ombe, Dar es Salaam
22 Februari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na nakutakia kheri ya mwezi mtukufu unaokaribia. Nimesikitika kwa yule mwana wa mbuzi. Mfikishie Bi Mardhiya salamu zangu za heshima, na umjulishe kwamba nilisema bismillahi kabla ya kubonyeza kitufe, nikiwa mbele ya mafundi wanne.

Sampuli zimekamilika, nazo zimo ndani ya mfuko wa nailoni anaokuletea Silima. Yapo mambo mawili ambayo ningependa uyafahamu.

La kwanza linahusu mchoro wako. Tulipouingiza kwenye kompyuta, programu ilipima kila duara na kila pembe. Yale maua manane uliyoyachora kwa kalamu ya risasi, bila ya bikari wala rula, yanatofautiana kwa chini ya milimita moja. Injinia Usama alidhani nimemletea mchoro uliochapishwa. Nilipomweleza kwamba umechorwa na mwanamke wa Madungu aliyeketi juu ya mkeka, alivua miwani, akaifuta, akautazama upya.

La pili linahusu weupe. Kwa kawaida kofia zetu humalizika zikiwa na alama za kalamu na jasho la mikono ya miezi miwili, na hulazimika kufuliwa kabla ya kuvaliwa. Mashine inasoma mchoro kutoka kwenye kompyuta, kwa hiyo kitambaa hakichorwi kabisa. Utaona kwamba ni cheupe kama kilivyotoka katika jora, isipokuwa ukingo wa kila tundu, ambao una rangi hafifu ya chai. Uzi utaifunika rangi hiyo yote. Hamtalazimika hata kuzifua.

Tumezipima sampuli hizi kwa umakini mkubwa, Shangazi. Sina jambo jingine la kuongeza, wala la kuficha.

Wako mtiifu,
Khairat


Madungu, Chake Chake
4 Aprili 2025

Mwanangu Khairat,

Salamu nyingi, na Idi njema iliyokwisha pita. Saumu yetu ilikuwa nyepesi, alhamdulillahi. Mvua zimeanza mapema na visima vimejaa. Umechelewa kupata jibu langu kwa sababu Ramadhani nzima tulikuwa tukishona, na kwa sababu nyengine nitakayokwambia.

Nilipoufungua ule mfuko kikaoni, hapana aliyetaka kuwa wa mwanzo kugusa. Waliosha mikono, Khairat. Wanawake waliokwisha kushona kofia za mashehe na za mabwana harusi walikwenda kisimani kuosha mikono kwa ajili ya kitambaa kitupu. Mwanaasha akakinyanyua kukikabili mlango, na jua likapita katika matundu yote kwa mara moja, likashuka juu ya nyuso zetu na juu ya ukuta. Ukuta mzima ukawa na mchoro wangu. Nimechora mchoro ule tangu sijaolewa, na sikuwahi kuuona ukiwa mkubwa kuliko kichwa cha mtu. Mtu mmoja alilia. Sitakwambia ni nani.

Tukagawana kazi ya kuzungushia uzi, na kofia zote mbili zikamalizika kabla ya ishirini na saba ya Ramadhani. Hapajapata kutokea kofia mbili kwa mwezi mmoja kwetu sisi. Kweli hazikutaka kufuliwa. Tulizitia wanga wa maji kidogo tu kwa kitambaa, tukapiga pasi, basi. Moja nimempa baba yako akaswalia Idi. Aliporudi alikuwa ameulizwa na watu kumi na moja, na akamwambia kila mmoja kwamba kofia hiyo imetobolewa na binti yake kwa mwanga. Nadhani wengine waliswali mara mbili kwa kukosa kumfuata imamu. Ya pili nimeiweka kabatini.

Sasa jibu. Bi Mardhiya alizungushia viua ishirini tu, kisha akasema vidole vyake haviusikii mzizi wa tundu. Nilimuuliza maana yake, akasema hajui, labda ni uzee. Wengine wote wamekubali. Na mimi nimekubali. Jumatatu nakwenda Wete kwa wasimamizi wa safari ya Hija, nikawaambie jina langu walifute, akiba irudi. Mwenyezi Mungu anajua nia. Nyumba yake haihami.

Niandikie kinachotakiwa.

Shangazi yako


Chang'ombe, Dar es Salaam
20 Aprili 2025

Shangazi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kituoni, na niliyakosa mabasi mawili. Mfikishie Baba shukrani zangu, na umkumbushe kwamba binti yake alibonyeza kitufe tu.

Nimeambatanisha nakala ya mkataba, maelezo ya chumba kitakachohitajika, na orodha ya mambo ya kuwauliza mafundi wa umeme. Chumba cha mbele cha nyumba ya Baba kinafaa, almuradi kiwe na feni ya kutolea moshi na chombo cha kupoza maji. Mimi mwenyewe nitakuja na mashine na kukaa wiki sita kuwafundisha. Nimeshachora ramani ya mahali kila mwanamke atakapoketi. Uamuzi wako, Shangazi, utaandikwa katika historia ya viwanda vya kisiwa chetu, na najivunia kuwa damu yako.

Ninaomba kuthibitishiwa tarehe ambayo akiba itarejeshwa, kwa kuwa wauzaji wananiuliza kila siku.

Nina swali lisilohusiana na biashara. Utotoni nilikaa kwenye kikao chako kuanzia miaka mitano. Ulinifundisha kupiga pindo, kuzungushia uzi, hata kuchora. Lakini kila nilipoomba shazia ulinipa embe nikatoka nje. Watoto wenzangu wote walipewa. Kwa nini mimi nilinyimwa?

Wako,
Khairat


Madungu, Chake Chake
8 Mei 2025

Khairat,

Salamu. Sote wazima. Mvua haijakatika wiki tatu. Jirani yetu Mzee Nyange amefariki, tumemzika, mwombee.

Silima anakuletea kofia ile ya pili, iliyokuwa kabatini. Haijapata kuvaliwa. Ifue kwa mkono wako, usimpe mtu. Maji ya baridi, sabuni ya mche, uisugue kiganjani kama unavyomuona mama yeyote akifua kofia ya mumewe. Itie wanga, ivalishe juu ya bakuli, iache ikauke. Kisha ifue tena. Kisha tena. Mara tatu.

Ukimaliza niandikie ulichokiona, si unachokitaka.

Mkataba wako nimeusoma. Umeandikwa vizuri.

Shangazi yako


Chang'ombe, Dar es Salaam
24 Mei 2025

Shangazi,

Assalaam alaykum. Mwenyezi Mungu amrehemu Mzee Nyange; alikuwa akinipa miwa kila nilipopita mbele ya nyumba yake.

Niliifua kofia kama ulivyoagiza. Mara ya kwanza haikuonyesha dosari yoyote, na nakiri nilianza kutunga kichwani barua ya ushindi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu, nilipokuwa nikiivalisha juu ya bakuli, nilikandamiza kwa kidole gumba upande wa paji la uso, na kiua kimoja kikaachia. Uzi wake haukukatika. Duara zima la uzi lilitoka kwenye kitambaa likiwa zima, kama pete inayovuka kidole. Nililishika mkononi. Kisha kikaachia kingine, na kingine, na mahali palipokuwa na ua pakabaki tobo la kuingia kidole. Nilikaa sakafuni na pete saba za uzi kiganjani.

Asubuhi niliipeleka kofia kazini nikaiweka chini ya lenzi kubwa. Mwanga ulikuwa umezikata nyuzi za kitambaa, Shangazi. Kila tundu limezungukwa na vikonyo vifupi vilivyoungua. Uzi wenu ulivikumbatia vikonyo hivyo, na vilipolainika kwa maji havikuwa na kitu cha kushikia. Hapo ndipo palipokosekana mzizi ambao vidole vya Bi Mardhiya havikuusikia.

Nikaenda nyumbani nikachukua kofia ya marehemu Babu, ile uliyonipa nilipokuja chuoni. Nilimwomba radhi, nikafumua kiua kimoja, nikakiweka chini ya lenzi hiyohiyo.

Sijui nikuandikieje. Hapakuwa na uzi hata mmoja uliokatika. Hata mmoja. Shazia haikukata chochote. Nyuzi zote zilikuwa zimesogea, zimebanana pembezoni, kama watu msikitini wanaompisha mtu aliyechelewa apate nafasi katika safu. Na kwa kuwa pamba hujikaza inapofuliwa, kila mara ile kofia ilipoingia majini safu ile ilizidi kubanana. Imefuliwa kwa miaka zaidi ya thelathini na imekuwa imara kuliko siku iliposhonwa. Nilisoma somo zima kuhusu uimara wa vitu, nikafaulu kwa alama ya juu, na kitu chenyewe kilikuwa juu ya kabati langu.

Nilimwita Injinia Usama. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akawaita mafundi wote, wakapanga foleni, kila mmoja akainama kwenye lenzi na kumpisha mwenzake. Injinia Usama aliniuliza aliyeshona kofia hiyo ni nani. Nikamwambia anaitwa Bi Mardhiya, na kwamba hajui kusoma.

"Sema hajui kusoma karatasi," akanijibu.

Sasa yanipasa niseme nililolificha. Nilikuandikia kwamba sina la kuficha, na haikuwa kweli. Kampuni iliniahidi ajira ya kudumu endapo ningefanikisha mauzo ya mashine moja Pemba. Kila sentensi niliyokuandikia kuhusu wanawake ishirini niliiamini, wallahi, lakini niliiamini kwa haraka kwa sababu ilinifaa. Nilikuandikia pia kwamba tumezipima sampuli kwa umakini mkubwa. Tulizipima kwa rula, kwa lenzi na kwa kompyuta. Kwa maji hatukuzipima.

Nimewaambia wauzaji kwamba hatununui. Mafunzo yangu yanaisha mwisho wa Juni, na baada ya hapo sina ahadi kwa mtu. Kinachoninyima usingizi ni jina lako kule Wete. Hukuniandikia kama walilifuta. Naogopa kuuliza, na nauliza.

Nisamehe.

Khairat


Madungu, Chake Chake
15 Juni 2025

Kwa mwanangu Khairat,

Wa alaykumu salaam, na mkono wa Idi. Tumechinja, tumekula, tumegawa. Yule mwana wa mbuzi aliyebaki hatukumchinja. Baba yako alisema ni mdogo, lakini kila mtu anajua kwamba amempa jina. Ukuta wa nyuma nao ameshaupiga chokaa.

Siku tuliyomzika Mzee Nyange mvua ilimkuta baba yako makaburini na kofia yako kichwani. Alirudi nayo imejaa tope, akaifua mwenyewe kwa kuionea fahari, na ilikuwa mara yake ya tatu kuifua tangu Idi, hakuniambia. Alinijia uani ameikinga kwa viganja viwili, kama mtu aliyebeba mayai ya njiwa. Viua vilikuwa ndani ya kofia, vimelala. Nami nilitaka kukuandikia siku ileile, lakini Bi Mardhiya akanizuia. "Mwache auone mwenyewe," alisema. "Ukimwambia, atasema wazee wanaogopa mashine."

Nasi tuna kosa letu, usilibebe lote. Wanawake ishirini, na baina yao pengine miaka mia nne ya kushona, na hapana hata mmoja aliyesema kofia ifuliwe. Kofia yetu hufuliwa mara mbili tatu kabla ya kuuzwa kwa sababu imechafuka, na kule kuchafuka ndiko kulikokuwa kukitulinda bila ya sisi kujua. Yako ilikuja safi, na weupe wake ukatushinda.

Jina langu halijafutwa. Nilikwenda Wete Jumatatu ile, nikapewa fomu, nikarudi nayo kusudi niijaze nyumbani. Nikaenda tena na fomu imejazwa. Karani alikuwa ametoka kwenda kuswali. Nikangoja, mvua ikazidi, na kwenye simu wakaniambia Mzee Nyange amefariki. Nikapanda gari nikarudi na fomu mkobani. Ilikuwa mvua ileile iliyomrowesha baba yako. Wewe ulinificha ajira na mimi nilikuficha fomu. Hapana anayemdai mwenziwe.

Na nikwambie lililo gumu zaidi. Siku ile Mwanaasha alipokinyanyua kitambaa, na mchoro wangu ukajaa ukuta mzima, ni mimi niliyelia. Na kwa siku tatu baada ya hapo niliitamani mashine ile kuliko Makka. Nilisimama kuswali nikauona ukuta. Nilijiogopa, Khairat. Kwa hivyo usidhani ulinilaghai kwa maneno mazuri. Uliniona pahala ambapo na mimi sikujiona.

Mashine hatununui. Lakini mwanga ule sijaumaliza. Bi Mardhiya hachori, Mwanaasha hachori, ninachora mimi peke yangu kofia zote za kikao, na mkono wangu una mwisho wake. Je, mwanga huo unaweza kuweka alama bila ya kutoboa, shazia ikafuata nyuma yake? Sina haraka. Jibu lako nalitaka lililofuliwa.

Uliniuliza kuhusu shazia. Ulipokuwa na miaka sita nilikukuta unahesabu viua kwa mafungu ya nane, unazidisha, na hapana aliyekufundisha. Nikasema huyu ni wa shule. Shazia huotesha sugu kwenye kidole cha kati, pale pale kalamu inapokaa, nami niliogopa sugu ingekuzuilia kalamu. Nikakulinda. Nikakupeleka ukajue kila kitu, nikakunyima tundu moja, na ukaanguka ndani ya tundu hilohilo. Hilo ni langu mimi.

Kampuni ikikushika, kaa. Isipokushika, chumba cha mbele ulichokipangia moshi kipo, na kina dirisha moja tu, utatuvumilia.

Ndani ya mfuko wa Silima kuna kitambaa kidogo cha bafta, tabaka mbili, na shazia ya marehemu mama yangu. Nimeitia kwenye kizibo cha chupa isimchome Silima. Toboa matundu kumi, uyazungushie uzi, ukifue kitambaa mara tatu, kisha njoo nacho.

Usisahau bismillahi kwenye tundu la kwanza. Bi Mardhiya anasema mengine yatajua njia.

Mwanawema